Chupa ya Wodini

Mafuta yalikuwa yakipumua.

Mwaisha alikuwa akikata vitunguu, mchana, mlango wazi, akaona mafuta ndani ya ile chupa kubwa yakipanda kidogo, yakishuka, yakipanda tena. Alipoigusa, yakatulia. Akajiambia ni macho tu.

Chupa aliitoa wodini, alikokuwa mhudumu. Mwaka ule, duka la ushirika la Mafiga likileta mafuta, asiye na chombo alirudi mikono mitupu. Akaiona kabatini, akaifunga kwenye kanga. Hakujua kwamba ndiyo chupa pekee ya aina ile iliyobaki hospitalini.

Wiki ileile akaletwa Gabrieli, kijana wa Matombo, kifua kimejaa usaha. Daktari alitaka kumpasua ubavuni, aingize mpira wa kutolea usaha mpaka kwenye chupa yenye maji, ili hewa isirudi kifuani. Chupa ikatafutwa. Mwaisha naye alitafuta, akiinama chini ya vitanda, na alipoinuka macho yake yakakutana na ya Gabrieli. Ikaagizwa nyingine Dar es Salaam. Kijana akafa kabla haijafika.

Baada ya maziko, nyumba ya Mwaisha ikaanza kunuka kidonda. Harufu iliingia kwenye wali, kwenye shuka, kwenye nywele za mumewe, Stambuli. Kisha ikaja sauti ya mapovu kutoka kwenye ile chupa jikoni: moja, kimya, jingine.

"Nani yuko huko?" Stambuli alinong'ona.

"Hakuna mtu."

"Anahema, Mwaisha. Namsikia."

Akaitwa Bibi Scholastika, mganga kutoka mlimani. Hakuvuka kizingiti.

"Huyu hakutumwa," alisema kwa sauti ya chini. "Amefuata chake. Umechukua nini, mwanangu?"

"Sijachukua kitu, bibi."

Mganga akamtazama, akageuka, akaondoka.

Tangu hapo Stambuli akashikwa na homa na kikohozi, na kila povu lilipopasuka jikoni naye alivuta pumzi, na lilipochelewa naye alingoja, mdomo wazi, vidole vikikwaruza mkeka, huku Mwaisha amesimama kati ya chumba na jiko akiomba povu lije, yeye aliyekuwa ameomba likome.

Hospitalini daktari alisema ni usaha. Chupa iliyotoka Dar ilikuwa na mgonjwa mwingine.

Mwaisha alikimbia nyumbani, akamwaga mafuta uani, akaiosha chupa kwa majivu na maji ya moto, akairudisha. Daktari aliitazama, akamtazama yeye, akaenda kunawa mikono. Heri angemfokea.

Stambuli akapasuliwa. Usaha ukatoka, kifua kikafunguka, ile harufu ikapotea. Mwaisha alikaa pembeni ya kitanda akilia kwa faraja, kisha kwa aibu ya faraja ile.

Jioni mumewe akafumbua macho, akamtazama kwa adabu, kama mtu amtazamavyo mkubwa wake.

"Shikamoo, mama," alisema. Sauti ilikuwa ya kijana, na ya Matombo. "Nilijua utaileta."

Mwaisha aliitazama chupa chini ya kitanda.

"Marahaba," akaitikia.