Waya wa Redio Kwenye Boti Yetu

Zamani za ukimbizi, nyumba yetu ilikuwa boti. Hata leo naikumbuka kwa upendo. Mbao zake zilinuka dagaa, na binti yetu Merina aliimba huku akisugua sufuria ziwani. Tulivuka ziwa tukikimbia vita kutoka Uvira mwaka 1996, tukaifunga boti ufukweni Ujiji. Mama yangu alipotea kwenye msukosuko ule.

Kila alasiri redio ilisoma majina ya watu waliopoteana na ndugu zao. Nilikuwa nasubiri jina la mama. Betri zilipokwisha, jirani yetu Veneranda, mwenye duka, alituruhusu kuvuta umeme wake.

Mume wangu Assani aliunganisha vipande viwili vya waya. Kiungo alikifunga kwa mpira wa tyubu, kama tulivyofunga kila kitu botini. Waya ukapita majini pamoja na kamba ya boti.

"Hii mpira inazuia ziwa lote lisituingilie," alisema. "Itashindwa na waya?"

Asubuhi moja nilisimama majini, nikagusa injini ya boti, pale waya ule ulipoegemea. Mkono mzima ukafa ganzi. Veneranda aliposikia, alizima umeme palepale, akamwita fundi umeme Leodgar kutoka Simbo.

Leodgar aliuchomoa waya wetu. "Mama Merina, hamtakuwa na umeme kwa siku mbili."

"Na redio?"

"Itanyamaza."

Nilimchukia, nakiri. Siku mbili majina yangesomwa bila mimi.

"Maji yanaingia chini ya mpira," alitueleza taratibu. "Umeme unavuja. Ukigusa, unapita mwilini mwako kwenda ziwani. Mara ya pili hutapona."

Alileta waya mmoja mzima, mnene, wenye nyaya tatu ndani. "Huu wa tatu ni wa ethi," alisema. "Unaupeleka ardhini umeme unaovuja." Akaupitisha juu ya nguzo, mbali na maji, akauacha ulegee kidogo ili boti icheze. Dukani akafunga swichi inayokata yenyewe umeme ukivuja.

"Mkiwasha, chomekeni botini kwanza, dukani mwisho. Mkizima, anzeni dukani. Na swichi ikikata, msiirudishe. Tafuteni kwanza kilichoharibika."

"Na mpira wangu, fundi?" Assani aliuliza.

"Fungia kuni."

Tulicheka wote. Sikumchukia tena.

Wiki ya tatu, alasiri, msomaji wa redio alisema, "Sasa ni majina ya watu wa Uvira." Redio ikazimika.

"Huyu Leodgar na swichi yake," nilifoka. Niliruka ufukweni, nikakimbilia dukani kuirudisha. Ndipo nikaona. Upepo ulikuwa umeangusha nguzo. Waya ulikuwa umechomoka botini na ncha yake imezama. Hatua mbili kutoka hapo Merina alikuwa amesimama, maji kiunoni, anasugua sufuria.

Sikuigusa swichi. Ilikuwa imekata umeme kabla sijajua kwamba kuna hatari.

"Merina," niliita. "Toka majini, mwanangu."

"Bee, mama," akaitika, akatoka na sufuria yake.

Veneranda alichomoa waya dukani. Kesho yake Assani alichimbia nguzo imara zaidi, na Leodgar akakagua kila kitu kabla ya kuwasha.

Majina ya siku ile sikuyasikia, na jina la mama halikusomwa hata nilipoendelea kusikiliza kwa miezi. Bado namlilia. Lakini binti yangu nilimwita mimi mwenyewe, na aliitika.