Kijiko cha Truphena

Jua lilikuwa linazama upande wa ziwa Elkanah alipotoka kwenda zahanati, chupa mkononi. Miaka hiyo ya tisini, dawa ya maji uliifuata na chupa yako mwenyewe, umeiosha vizuri. Binti yake Emmaculate, wa miaka sita, alikuwa amelala mkekani, mwili unachemka. Mama yake Elkanah ndiye aliyebaki naye.

"Usikawie, nyathina, mwanangu," mama alimwambia mwanawe. Wote wawili walijua kwa nini.

Maana mwaka uliotangulia, jioni kama hiyo, Elkanah alitumwa dawa ya mkewe, Truphena. Chupa ilikuwa ya kahawia, mdomo umemeguka, kizibo chake gunzi la mahindi. Njiani mikono ikaanza kutetemeka. Akajiambia: nikiiangusha hii chupa, mke wangu atakosa dawa, kwa hiyo ni lazima nionje kidogo kwa Orpah, yule mpika pombe wa njia ya mtoni, mikono itulie. Unasikia maneno hayo? Alikunywa kwa ajili ya mapenzi! Dawa alipewa. Aliporudi akapitia tena kwa Orpah, akakuta hana cha kubebea chang'aa. Akajiambia: zahanati kesho itakuwepo, chang'aa hii haitakuwepo. Akaimwaga dawa nyasini, chupa akaijaza chang'aa.

Alifika nyumbani kukicha. Truphena alikuwa ameegemea ukuta, macho kwenye mlango, kiganja wazi.

Baridi.

Na mwanamume huyo alifanya nini? Alikasirika. Kwa nini hakunisubiri? Akainywa ile chang'aa yote, eti anamwomboleza, kisha akaenda Macalder kuitupa chupa katika shimo la dhahabu lililoachwa, ambalo ukitupa jiwe husikii likifika. Kwenye matanga alitangaza kwamba mkewe amerogwa. Watu wakamwonea huruma yeye.

Tangu siku ile alikuwa hajaonja tena. Miezi minane. Kanisani walimpigia makofi.

Mhudumu wa zahanati alikuwa Jeremiah, kijana aliyehamia kutoka Isebania juzi tu. Alikuwa anafunga dirisha.

"Dawa ya malaria ya mtoto Emmaculate," Elkanah alisema.

Jeremiah akamtazama. "Si mama yake amechukua saa hii tu?"

"Mama gani?"

"Bibi yako, mzee. Amekuja na chupa ya kahawia imejaa matope mekundu, mpaka nikamwambia aisuuze kwa bomba." Akacheka kidogo. "Amesema hawezi kukungoja. Ati wewe huwa unachelewa."

Elkanah aliirudisha chupa yake kwapani. Harufu ya udongo mbichi ilimpita puani...

Alishika njia ya mtoni, karibu anakimbia. Giza lilikuwa linaingia. Nyuma yake, hatua. Akisimama, zinasimama. Akienda, zinakuja. Mbele, koroboi ya Orpah iliwaka kati ya vichaka, na papo hapo mikono ikaanza kutetemeka.

Leo, kwa akili timamu, anaweza kukueleza alichojiambia pale, na masikio yanawaka moto kwa aibu. Kama ni marehemu aliyechukua dawa, basi mtoto ameshapewa, haraka ya nini? Kama si marehemu, basi naona vioja, na mtu anayeona vioja anahitaji kutulizwa. Tena nikiingia nikitetemeka hivi nitamtisha mtoto mgonjwa. Kila wazo lilimfikisha kwenye gilasi ileile. Mwanawe anachemka, naye anajiona baba mwenye busara!

"Karibu, ndugu wa kanisa," Orpah alimtania. "Ulitupotea."

"Moja tu."

Alikunywa tano.

Nyumbani alimkuta mama yake ameketi nje, kando ya kaburi la Truphena, leso imefunika kichwa.

"Mbona umemwacha mtoto peke yake?"

"Hayuko peke yake," mama akanong'ona. "Kuna mtu ndani. Sauti yake naijua... Ni jachien."

Jachien ni marehemu aliyedhulumiwa, anayerudi kudai haki yake. Elkanah alijua neno hilo tangu utotoni. Pombe ilimpa ujasiri, akausukuma mlango.

Emmaculate alikuwa amelala, mwili umepoa, anapumua vizuri. Mezani kulikuwa na chupa ya kahawia. Mdomo umemeguka. Gunzi. Maji mekundu yakichuruzika hadi sakafuni...

"Baba," mtoto alisema bila kufumbua macho. "Mama amenipa dawa. Amesema na wewe unywe."

Taa ikazimika.

Harufu ya shimo ilijaa chumba kizima. Kitu baridi kikamshika kidevu.

"Fungua mdomo, Baba Emma."

"Truphena... nisamehe. Nilikuwa mlevi. Mlevi hajui anachofanya."

"Ndiyo. Hajui." Sauti ilikuwa ya chini, haina haraka. "Mimi nataka ujue."

Kijiko kikagonga meno.

Ulikuwa uchungu wa kwinini, na ulipofika kooni gilasi zote tano zilimtoka. Kichwa kikawa safi kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga. Ndipo akaanza kusikia. Alisikia usiku ule wa mwaka jana, saa baada ya saa, na Truphena akimbembeleza mtoto: "Lala, baba yako yuko njiani. Analeta dawa. Yuko njiani..." Sauti ikawa nyembamba. Mpaka alfajiri. Hakuruhusiwa kuruka hata pumzi moja.

Emmaculate alipona. Jioni ya pili chupa ilikuwa mezani tena, imejaa. Elkanah alikunywa kwa Orpah mpaka akaanguka. Kijiko kikamfuata kulekule vichakani. Akaenda kwa wakwe zake, akasema ukweli wote. Walimfukuza kwa fimbo, na alistahili. Aliporudi, chupa ilikuwa haijapungua.

Siku hizi watu wa kwao Sori humsifu. Elkanah ameokoka kweli, wanasema, hata harufu ya pombe hana. Yeye huinamisha kichwa tu. Jua likianza kushuka huaga, hurudi nyumbani, huketi pale ukutani alipoketi Truphena, macho kwenye mlango.

Hatua zinakuja. Hazijawahi kuchelewa.

Naye anafungua mdomo.