Mzee wa Jikoni na Chanja Ishirini

Kila asubuhi nyumbani kwa kina Thoa ilianza kwa harufu ya pumba za mpunga zikiungua. Moshi mwembamba ulitoka jikoni, ukavuka mfereji polepole kama mtu asiye na miadi, ukapotelea kwenye minazi ya ng'ambo. Nyuma yake ulifuata mvuke mweupe wa sufuria, na hapo majirani wakajua kazi imeanza.

Kazi yenyewe ilikuwa kutengeneza karatasi za mchele. Si karatasi za kuandikia, ni za kula, na ni nyembamba hivi kwamba ukiinua moja mbele ya uso unamwona jirani yako kama mtu wa ndotoni. Mama yake Thoa alikuwa bingwa. Alichota rojo la mchele kwa upawa, akalimimina juu ya kitambaa kilichotandwa kwenye mdomo wa sufuria, akalizungusha likawa duara, akafunika. Ukivuta pumzi mara nne au tano, duara limeiva. Alilinyanyua kwa ufito wa mwanzi, akalilaza kwenye chanja, wavu wa mianzi wa kuanikia, na chanja ikipata maduara sita ilipelekwa juani.

Lakini asubuhi ya tarehe ishirini na moja ya mwezi wa mwisho wa mwaka, Mama hakuwepo. Dada yake alikuwa amejifungua kijiji cha mbali, na mzazi hawezi kuachwa peke yake. Mama alipokuwa akipanda mtumbwi alimwambia Thoa:

"Mama Nhon mchuuzi atakuja na boti yake tarehe ishirini na tatu kabla ya saa sita mchana. Anataka karatasi mia sita. Akikosa hapa, atakwenda kwa wale wa kwenye kona ya mfereji, na akishazoea kule, sikukuu hii ya mwaka mpya na zijazo tutakula karatasi zetu wenyewe. Utaweza?"

"Nitaweza, Mama," alisema Thoa. Alikuwa na miaka kumi na miwili, shule imefungwa, na alikuwa amengoja siku hii tangu alipokuwa hafiki mdomo wa sufuria.

Lakini kulikuwa na shahidi mmoja aliyemtia wasiwasi. Huyo ni Mzee wa Jikoni, mlinzi wa moto asiyeonekana, anayekaa kwenye mafiga matatu ya kila nyumba mwaka mzima akitazama. Tarehe ishirini na tatu, jua likiwa utosini, hupanda mgongoni mwa samaki wake na kwenda mbinguni kusema yote aliyoyaona. Thoa aliyatazama mafiga, meusi kwa masizi. Siku tatu tu zilikuwa zimebaki. Akaapa moyoni kwamba Mzee huyo hatamwona amekaa hata mara moja.

Basi akaanza mbio. Alimimina, akafunika, akanyanyua. Chanja ikijaa aliibeba kichwani hatua arobaini mpaka nyuma ya mibalungi, ambako vilisimama vigingi vya kuanikia. Akarudi mikono mitupu akikimbia. Akachochea moto. Akakoroga rojo lisilohitaji kukorogwa. Akafagia ua uliokuwa umefagiliwa. Bibi Tam, mama wa mama yake, alikuwa kwenye bembea yake ya kamba ya kulalia barazani, goti lake bovu limenyooshwa, akimtazama tu.

Shangazi Muoi, jirani mfuga bata, alipita kwenye mfereji akiwaswaga bata wake kwa fimbo ndefu.

"Wee Thoa! Unafukuzwa na nani?"

"Nafanya kazi, Shangazi!"

"Nilidhani nyumba inaungua. Nilitaka nije na ndoo."

Ilipofika saa sita, chanja zote ishirini zilikuwa juani na sufuria bado inachemka. Mtu mwingine angefunika rojo akangoja. Thoa alimwazia Mzee wa Jikoni akiandika, "Mtoto amekaa," akakata majani ya migomba, akayatandika chini, akaanza kupanga karatasi mbichi juu yake. Jani lilipojaa, akapanga nyingine juu ya zile za kwanza. Aliendelea hivyo mpaka saa nane, mikono imevimba kwa mvuke, akahesabu karatasi mia mbili na arobaini alizopika. Alitaka kucheka kwa furaha.

Kisha akaenda kubandua.

Zile za kwenye majani, mia na ishirini, zilikuwa zimeshikana zikawa kitu kimoja, kizito na chenye utelezi, kama godoro lililoloana. Zile za kwenye chanja nyingi zilikuwa bado mbichi. Lakini chanja tano alizozitanguliza asubuhi, sehemu ya wazi, zilikuwa zimekauka kupita kiasi kwa kukosa mtu wa kuzibandua. Alipozigusa zilivunjika kwa sauti ndogo, kraa, kraa, karatasi thelathini zote.

Alirudi barazani na vipande viganjani. Machozi yalimtoka bila sauti.

"Bibi, nimekimbia kutwa nzima."

"Nimeona. Hata mimi nimechoka kwa kukutazama."

"Zitapona tisini tu. Tisini! Wacha nirudi kwenye sufuria, nipike nyingine haraka..."

"Hurudi popote," alisema Bibi Tam. Alijiinua, akampisha kwenye bembea. "Lala hapa."

"Bibi, Mzee wa Jikoni ataniona!"

"Mzee wa Jikoni ananijua mimi kabla yako. Mwambie nimekuamuru." Bibi akawasha kijiti kimoja cha udi, akakichomeka kwenye kopo la mchanga. "Mpaka kijiti hiki kiishe, huna ruhusa ya kufanya lolote ila kutazama. Usifumbe macho. Na usikoroge kitu."

Thoa akalala. Mwanzoni miguu ilimwasha kama imetambaliwa na siafu. Baadaye bembea ikaanza kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, na moshi wa udi ukapanda umenyooka, halafu ukajikunja kana kwamba umesahau ulikokuwa ukienda. Sauti za bata zikawa mbali. Ua wote ukawa kimya na mweupe, na yale maduara kwenye chanja yakaonekana kama miezi mingi iliyoshuka kupumzika.

Katikati ya ukimya huo alimwona Thoa mwingine. Alikuwa akikimbia na chanja kichwani, hatua arobaini, kisha akirudi bila kitu, tena na tena, kama siafu aliyepoteza wenzake. "Mbona anarudi mikono mitupu?" Thoa wa kwenye bembea alijiuliza. "Angeweza kurudi na chanja iliyokauka."

Kisha akaona kivuli. Kilitoka kwenye mibalungi taratibu kama maji yanayopanda, kikameza safu ya kwanza ya miezi, kikameza ya pili. Chini ya kivuli hicho miezi ilikuwa imetulia, ya unyevunyevu, haina haraka ya kukauka. Lakini upande wa mfereji, ambako alikuwa ameegesha chanja mbili za mwisho saa sita kwa kukosa nguvu za kuzifikisha nyuma, upepo ulikuwa ukizipapasa bila kukoma. Pembe za karatasi zilikuwa zimeanza kujiinua zenyewe, kama zinapunga mkono.

Thoa akakaa wima. "Bibi! Zile za mfereji zilianikwa mwisho na zimekauka kabla ya hizi za kivulini!"

"Ehee."

"Kwa nini sisi tunaanika nyuma ya mibalungi?"

Bibi Tam akacheka mpaka mabega yakatikisika. "Vigingi vile niliviweka mimi, mwaka mama yako alipoolewa. Mibalungi ilikuwa inanifika gotini! Imekua ikatuzibia jua, na sisi tumekuwa tukikimbia chini yake miaka yote bila kuinua macho."

Jioni ile waling'oa vigingi, wakavisimika kando ya mfereji, hatua kumi na mbili tu kutoka jikoni. Lile godoro la karatasi lilimwendea Shangazi Muoi.

"Bata wangu wanauliza," alisema Shangazi Muoi, "kama kesho pia utawapikia."

"Waambie wasahau!" alijibu Thoa, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akacheka.

Tarehe ishirini na mbili Thoa alianza taratibu. Alifunga uzi mwekundu kwenye chanja ya kwanza ili ajue zamu inaanzia wapi. Alipopeleka chanja mbichi mferejini, alirudi na iliyokauka, akamwekea Bibi Tam mapajani abandue akiwa amekaa. Kando ya mfereji karatasi zilichukua muda wa vijiti viwili vya udi kukauka, bila kuzidi. Chanja zote ishirini zikiwa nje, Thoa alifunika rojo, akapunguza moto, akaenda kwenye bembea.

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Mikono ilimsihi ikamate japo ufagio. Aliyatazama mafiga kwa pembe ya jicho, yakamtazama pia.

"Leo unaumwa?" aliuliza Shangazi Muoi kutoka mferejini.

"Nafanya kazi, Shangazi."

"Kazi ya kulala? Nifundishe na mimi, nimeitafuta miaka arobaini."

"Nangoja uzi mwekundu."

Shangazi Muoi aliutazama uzi, akawatazama bata wake, akaondoka akitikisa kichwa. Mara pembe za karatasi kwenye chanja ya uzi mwekundu zikaanza kujiinua, na Thoa alikuwa ameshasimama kabla hazijamaliza. Hakuna hata moja iliyovunjika. Mzunguko wa kwanza ulitoa mia na ishirini. Wa pili vilevile. Siku ilipita kama mtu anayepiga makasia majini bila kurusha maji, na mzunguko wa nne ulipobanduliwa jua lilikuwa bado juu ya minazi.

"Mia nne na themanini," alihesabu Thoa. "Na tisini za jana. Zimebaki thelathini tu, Bibi. Chanja tano."

"Basi kaoge. Chanja tano ni za kesho kabla ya chai."

Na kweli, tarehe ishirini na tatu boti ya Mama Nhon ilipotokeza mferejini saa nne asubuhi, macho mawili yaliyochorwa kwenye omo yake yakitazama kila nyumba, mafungu yalikuwa yamefungwa kwa kamba za migomba. Mama Nhon hakuwa mtu wa kusifu. Alichomoa karatasi moja katikati ya fungu, akaiinua juani, akamtazama Thoa kupitia karatasi hiyo.

"Mama yako amerudi?"

"Bado, Mama Nhon."

"Sasa nani kapika?"

"Huyu huyu," alidakia Bibi Tam. "Na nusu ya muda alikuwa amelala."

"Bibi!"

Mama Nhon aliirudisha karatasi kwenye fungu kwa uangalifu. "Basi aendelee kulala hivyohivyo. Nitapita tarehe ishirini na nane. Nataka mia nane, na za kwenye kona sitazihitaji."

Boti ilipoondoka, Thoa aliruka na kukimbilia jikoni.

"Unakwenda wapi?" aliuliza Bibi.

"Kuanza za..." Akasimama mlangoni. Akahesabu vidoleni. Mia nne na themanini kwa siku. Siku mbili tu zingetosha, na zilikuwa zimebaki tano. Akarudi, akaketi miguuni pa Bibi yake.

"Sasa umeelewa," alisema Bibi Tam, akimfuta unga shavuni. "Juzi ulichoka sana ukapata tisini. Jana ulipumzika ukapata mia nne na themanini. Mama Nhon hanunui jasho, ananunua karatasi. Kwa hiyo siku yoyote utakayojiona unakimbia na kazi haisogei, usiongeze mbio. Simama, tazama inakokwama, uanzie hapo. Nami nimejifunza pia. Mwaka kesho nitaitazama tena hiyo mibalungi."

Jua lilifika utosini. Waliweka peremende na wali mtamu mbele ya mafiga, na sufuria, ambayo moto wake ulikuwa umefifia, ikatoa mvuke wa mwisho.

"Atasema nini huko juu, Bibi?"

"Atasema amemwona mtoto amelala bembeani mchana kweupe."

Thoa alitaka kulalamika, lakini mvuke ulikuwa umeshafika mlangoni. Ulijikunja, ukapata kichwa, ukapata na mkia kama wa samaki, ukapita juu ya chanja ishirini zilizooshwa na kuegeshwa juani, ukapanda taratibu mno, bila haraka yoyote.