Zamu ya Aliyetusaidia

Jua lilikuwa linazama Mwandiga, nasi tulikuwa tumebakiza pipa moja la chikichi zilizochemshwa. Moja tu! Mimi na mdogo wangu Thobias tulitoka kwetu Rumonge, Burundi, tukaenda kukamua mawese hapo Kigoma ili tupate cha kutuweka Zambia mwaka mzima, yeye akajifunze kuchomelea vyuma. Meli ya kwenda Mpulungu, bandari ya Zambia, ilikuwa inaondoka kesho yake. Bila pipa lile hatukuwa na safari.

Mwenye mashine, Mama Clementina, alikuwa na sharti moja. Jua likizama, ule mti mrefu tunaousukuma kuzungusha mashine uchomolewe, ulazwe chini. Siku hiyo alikuwa msibani Kidahwe. Mimi nilicheka. Mti nao ulale!

Tukaendelea kuzunguka, tukihema. Mti ulikuwa mzito.

Kisha ukawa mwepesi.

Nikainua uso. Upande wa pili wa mashine, mtu alikuwa anasukuma pamoja nasi. Mwanamume mwembamba, begi mgongoni. Alinuka mawese yaliyochacha.

"Mwiriwe," alisema polepole, akitusalimu kwa Kirundi chetu.

"Mwiriwe, kaka," Thobias akajibu. "Ahsante sana!"

Pipa likaisha upesi. Thobias, kijana wa adabu, akamwambia yale ambayo kwetu, na hata kwa Waha wa Kigoma, huambiwa kila aliyekusaidia shambani.

"Nawe ukiwa na kazi, tuite tu."

Mtu yule akatabasamu.

"Ninayo," akanong'ona. "Sasa hivi."

Ndipo nikaona mkono wake wa kulia umeishia kwenye kiwiko.

Kwa ule wa kushoto alimkamata Thobias, akamzamisha mkono ndani ya mashine. Mti ukaanza kuzunguka wenyewe.

Kra... kra... kra...

Thobias alipiga ukelele hadi sauti ikakauka. Niliuvuta mti, ukanipiga mbavuni, nikaanguka. Nikachukua panga, nikamkata yule mtu shingoni kwa nguvu zangu zote. Haikutoka damu. Yalitoka mawese.

Mashine ilikuwa imefika begani kwa mdogo wangu.

"Kata," alininong'oneza. "Kaka... kata."

Nilikata. Mungu anisamehe, nilikata mara tatu.

Alifia njiani, kwenye pikipiki, kabla hatujafika hospitali.

Mama Clementina alirudi alfajiri. Alitazama ule mti, akakaa chini.

"Alikuwa kijana wa kutoka Kongo," alisema. "Alifanya kazi hapa, akitaka kwenda kuishi Afrika Kusini. Mashine ikamla mkono. Akafa begi lake likiwa limeshafungwa." Akanikazia macho. "Mlimshukuru?"

"Thobias alimshukuru."

"Wewe je?"

"Sikusema kitu, Mama."

"Basi usiseme. Popote utakapokwenda."

Niko Mpulungu sasa, nabeba magunia ya dagaa bandarini. Nilikuja peke yangu, maana kurudi Rumonge kumtazama mama yetu machoni sikuweza.

Jana jioni gunia lilinilemea kwenye ngazi. Nikayumba.

Kisha likawa jepesi.

Nikasikia harufu ya mawese, na nyuma yangu mtu akihema. Mkono mmoja ulikuwa umelishikilia gunia kwa chini. Mmoja tu.

"Mwiriwe, kaka," alinong'ona.

Naijua sauti ile. Nampenda mdogo wangu, na machozi yalinitoka palepale.

Lakini sikuthubutu kumwambia ahsante.