Walinzi Walioona Gizani

Dalal aliuawa akiwa amesimama tuli gizani!

Kwenye skrini kubwa, mbele ya ukumbi mzima wa watu hapa Amman, mlinzi alipita, akageuka ghafla, akammiminia risasi. Bila hata kuwasha kurunzi!

Watu wakazomea.

Jamani, gemu lile nililijua kama kiganja changu. Wezi wawili hawana silaha, wana giza tu. Walinzi wanne wana bunduki na kurunzi, ila gizani hawaoni kitu. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha pande hizo mbili zinatoshana nguvu. Napunguza huku, naongeza kule, mpaka kila upande uwe na nafasi ya kushinda.

Na siku hiyo Abu Thamer, tajiri aliyetaka kuinunua kampuni yetu, alikuwa akicheza mwenyewe upande wa walinzi.

Walinzi wakashinda. Wakashinda tena. Na tena!

Bosi wetu, Qusai, akanivuta nyuma ya pazia.

"Hanin, umeniaibisha! Usawa gani huu?"

"Ustadhi, wallahi sikuliacha hivi!"

"Lete kitambulisho. Kazi huna!"

Nikatoka nje, nikakaa kwenye ngazi. Rafiki yangu Dalal, yule aliyekuwa akicheza mwizi, akanifuata.

"Ulitembea, Dalal? Huko ndani wanasema masikio ya walinzi yamezidi, walisikia hatua zako."

"Nitembee wapi, shoga? Nilijibanza hata pumzi nimebana! Yule aliniona."

Aliona? Kwenye giza lile? Haiwezekani... labda mtu awe ameyaongezea nguvu macho ya walinzi ndani ya gemu.

Dalal akaenda kuniletea maji. Huku nyuma akaja Mutaz, msaidizi wangu kazini. Na mchumba wangu. Harusi ilikuwa baada ya Idi.

Akanishika bega.

"Usilie, roho yangu. Yale macho nitayarudisha kama ulivyoyaweka, watu watasahau."

Nikamgeukia.

"Mutaz... nani kakuambia ni macho?"

Akaondoa mkono begani kwangu.

"Ndani wote wanasema masikio. Wewe umejuaje?"

Akatazama viatu vyake.

"Qusai ndiye aliyetaka. Alisema mgeni asishindwe mbele za watu. Leo tu, Hanin!"

"Na ukanyamaza nikifukuzwa?"

"Angetufukuza wote! Halafu... nafasi yako amenipa mimi. Si mshahara utaingia nyumba yetu hiyohiyo?"

Nikavua pete, nikamwekea mkononi.

Mlango ukafunguliwa. Abu Thamer! Qusai nyuma yake, anahema.

"Nani alisawazisha nguvu kwenye gemu hili?" tajiri akauliza.

"Huyu binti, na nimeshamfukuza!" Qusai akadakia.

Abu Thamer hakumtazama hata kidogo.

"Binti yangu, mara ya kwanza nilipolicheza ofisini kwenu nilishindwa vibaya. Nina bunduki, lakini nilikuwa naogopa kila kona! Nikasema hili nalinunua. Leo nimezurura humo kama niko sokoni. Ile hofu umeipeleka wapi?"

"Muulize aliyeagiza usishindwe," nikamjibu.

Qusai rangi ikampotea. Mkono wake ukanyooka.

"Ni huyu! Mutaz ndiye aliyebadilisha, mimi sijui chochote!"

Mngeuona uso wa Mutaz... Aliyeniuza naye kauzwa palepale, na mtu yuleyule!

"Sinunui," Abu Thamer akasema.

Najua mnasubiri niwaambie alinipa kazi. Hakunipa. Aliingia kwenye gari lake, akaondoka.

Bila mnunuzi, kampuni ilifungwa kabla ya Ramadhani. Wote tulitawanyika, hata Dalal ambaye hakumkosea mtu. Mama yake Mutaz alikuja kwetu kuomba yaishe. Mama yangu akampa kahawa, wakalia wote wawili. Mimi sikutoka chumbani.

Wapendwa, mkitaka kujua nilichojifunza ni hiki. Qusai alidhani anamheshimu mgeni kwa kumwondolea hatari ya kushindwa. Kumbe alimwibia ushindi wenyewe. Na mtu anayekwambia anakuumiza kwa faida ya nyumba yenu, muulize kwanza: humo ndani, wewe umetengewa chumba gani?