Godoro la Mama Mkwe

Majirani zangu, hili lilitokea hapahapa Maisaka, na wengine mtajiona ndani yake. Evelyne, tunayemwita Mama Goodness, aliishi vizuri na mama mkwe wake, Benadetha, aliyehamia kwao kutoka Mbulu. Jioni walichambua maharage pamoja, wakicheka. Chumba cha mama kilipakana na bafu, na kwa kuogopa kuanguka alilala chini, godoro likigusa ukuta.

Kipaimara cha Goodness kilipokaribia, Evelyne akataka bafu la marumaru, wageni walione. Fundi Romanus akazipanga marumaru hizo, akiacha nafasi kati ya moja na nyingine, na mwanya pale sakafu inapokutana na ukuta.

"Mama Goodness, msioge humu kwanza," akasema. "Gundi ikikauka nitarudi kuziba hizi nafasi. Na kwenye kona nitaweka silikoni, ile isiyopitisha maji."

"Wageni wanakuja kesho, fundi! Utarudi baada ya sherehe."

Mnajua alichofanya? Alichukua dawa ya meno, akaipaka kwa kidole kwenye mianya yote, ikawa nyeupe pee! Wageni wakasifu, kichwa kikamvimba. Romanus alipopiga simu baadaye, akajibiwa, "Nitakuita." Hakuitwa, na watu wakaendelea kuoga.

Haukupita muda, godoro la Benadetha likaanza kulowa na kunuka.

"Mama, siku hizi unachelewa kwenda chooni?" Evelyne aliuliza.

Mama mkwe akainamisha kichwa. "Sijui, mwanangu. Labda ni uzee."

Evelyne akamtandikia nailoni. Akamtengea kiti chake sebuleni. Akawanong'oneza wenzake wa kikundi cha akina mama, tena wakacheka. Mwishowe akamwambia mumewe, Sosthenes, kwamba mama akapumzike kwa binti yake kule Sigino. Sosthenes alinyamaza, na kunyamaza kwake kulikuwa kubaya vilevile. Mama akaondoka na mfuko wake.

Evelyne akanunua godoro jipya, akaliweka palepale. Likalowa. Hakuna mtu aliyekuwa amelilalia.

Akagusa ukuta, akakuta unyevu. Akakimbilia bafuni, akainama. Dawa ya meno ilikuwa imeoshwa zamani, na mwanya ulikuwa wazi, kidole kinaingia. Aibu ikampanda mpaka masikio yakawaka moto.

Alikwenda Sigino, akapiga magoti. "Shikamoo, mama. Hukuwa wewe. Ni maji ya bafu langu."

"Marahaba." Benadetha akaitikia. "Siku zile nilikuwa sinywi maji tangu mchana," akasema. "Hata uji niliukataa. Nilikuwa nalala nimekaa, nikimwomba Mungu anichukue kabla Goodness hajajua."

Evelyne alilia kwa sauti. Akamsihi warudi pamoja nyumbani.

"Nimekusamehe, mwanangu," alisema Benadetha. "Lakini kulala kule siwezi tena."

Romanus aliitwa, akaziba kila mwanya. Chumba kile sasa ni kikavu, na hakina mtu.

FUNZO

Mnaojenga, mwacheni fundi amalize kazi. Nafasi za marumaru na kona za bafu zizibwe kabla tone la maji halijamwagwa humo. Na mzee wako akipatwa na jambo la kufedhehesha, ikague nyumba yako kabla hujamhukumu yeye. Evelyne alitaka sifa za siku moja, akambebesha mama wa watu aibu isiyo yake. Ukuta umerekebishwa. Mama hajarudi.