Sufuria Nyuma ya Pipa

Chiriku alitoka shuleni akiongea na kufika nyumbani akiongea. Ndiyo maana darasa zima la sita lilimwita hivyo, na hata mama yake alikuwa amekwisha kulizoea jina hilo. Akifika nyumbani alivua sare, akachota maji kwenye pipa lililokuwa kwenye kona ya jikoni, akamwogesha mdogo wake, kisha akakaa kizingitini kumsimulia mama mambo ya shule. Mama alipika, yeye alipiga domo. Mgawanyo huo wa kazi ulimfaa sana.

Siku moja mama aliteleza kwenye sakafu ya kufulia nguo akavunjika mguu. Hospitalini alifungwa plasta kuanzia kwenye unyayo hadi juu ya goti, na daktari akamkataza kabisa kuukanyagia. Baba alikuwa fundi wa mashine kwenye kinu cha unga. Alitoka alfajiri na kurudi giza limeshaingia. Mdogo wake alikuwa bado wa chekechea. Mpishi akabaki mmoja tu.

"Utaweza, mwanangu?" mama aliuliza kutoka kitandani.

"Mama nawe! Wali tu? Nimekuona ukipika tangu nizaliwe."

Siku hiyo Chiriku alikuwa na jambo jingine kichwani. Ijumaa ya wiki iliyofuata wazazi wangekuja shuleni, na darasa lao lilitakiwa kuonyesha igizo. Mwalimu wa Kiswahili alipouliza nani ataliandika, Chiriku alinyoosha mkono kabla swali halijaisha. Kwa hiyo alibandika wali, akachochea mkaa hadi ukawa mwekundu, akakaa mlangoni na karatasi zake. Igizo lilihusu daktari aliyepoteza funguo za chumba cha dawa, na lilikuwa linamjia vizuri. Akaandika, akaandika, hadi pua ikamwambia kwamba mambo yameharibika.

Alikimbia akafunua. Juu wali ulikuwa mbichi, chini umeungua. Akamimina maji upesi, akakoroga. Sasa ule weusi wa chini ukapanda juu, na wali wote ukanuka moshi. Alichota sehemu iliyoonekana nyeupe kidogo, akampelekea mama.

Mama alitafuna polepole. "Mbona kuna harufu ya kuungua?"

"Majirani wanachoma takataka, mama."

Mama akatafuna tonge jingine. Chiriku alirudi jikoni akaitazama sufuria. Ilikuwa na tabaka jeusi kama lami ya barabarani. Akisugua, mama angesikia na kuuliza. Akaisukumia nyuma ya pipa la maji, akasema moyoni kwamba ataisafisha kesho.

Kesho yake yakaungua maharage. Sufuria ya pili ikaenda kuungana na ya kwanza.

Shuleni nako mambo yalikuwa yameanza kwenda kombo. Darasa lilikaa kusoma igizo kwa sauti. Twiga, rafiki yake mkubwa ambaye kichwa chake kiligonga kizingiti cha juu cha kila mlango, alipewa nafasi ya mgonjwa. Alisoma vizuri, halafu akasimama ghafla.

"Samahani. Mimi si nimekufa ukurasa wa kwanza?"

"Ndiyo," alisema Chiriku.

"Sasa mbona mwishoni naimba?"

Darasa zima likaangua kicheko. Chiriku aliona uso unamwaka moto. "Huyo anayeimba si wewe," alijibu haraka. "Ni pacha wake."

"Pacha? Ametoka wapi?"

"Utamwona! Sijamaliza kuandika."

Mwalimu alikunja karatasi zake taratibu. "Chiriku, kaliangalie upya nyumbani."

"Mwalimu, igizo liko sawa. Ni wao ambao hawajalielewa."

"Na wazazi Ijumaa wasipolielewa?"

Chiriku alizikusanya karatasi zake bila kuinua macho.

Jioni hiyo aliandika habari za pacha. Lakini pacha naye alihitaji mtu wa kumlea, akaandikiwa shangazi. Shangazi alikuwa anakaa mbali, ikabidi awepo dereva wa kumleta. Kila tundu alilojaribu kuziba lilifungua jingine. Igizo likawa refu mno, na waigizaji hawakutosha. Twiga alipojaribu kusema tena, Chiriku alimkatiza mbele ya wenzao: "Kama unajua sana, si ungeandika wewe?" Tangu hapo Twiga akawa anakaa dawati la nyuma.

Hakuona pa kutokea. Akimwambia mwalimu kwamba igizo limemshinda, watamcheka, maana yeye ndiye aliyejigamba. Akinyamaza, watamcheka Ijumaa pamoja na wazazi wao wote. Akirudi nyumbani anakutana na jiko lenye dirisha moja dogo la nondo, moshi unamwingia machoni, mdogo wake analia njaa, na kutoka chumbani sauti ya mama inauliza, "Chiriku, umeshapunguza moto?"

"Ndiyo, mama!" alijibu. Hakuwa amepunguza. Sufuria ya tatu nayo ikaungua, ikafichwa. Nyuma ya pipa kukaanza kutoka harufu, na inzi wakapata makazi. Sasa kilichobaki kilikuwa kisufuria cha kuchemshia maziwa, na ndani yake alitakiwa kupika chakula cha watu wanne.

Alikuwa anakitazama kisufuria hicho kwa huzuni pale aliposikia hodi. Alikuwa shangazi, dada yake baba, fundi wa kushona nguo, mwenye sauti ya kuamsha mtaa.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mpishi wetu! Wifi yangu yuko wapi? Kwanza nimchemshie maji ya kujikanda mgongo. Ile sufuria kubwa iko wapi?"

Chiriku alirudi nyuma hadi mgongo ukagusa pipa. "Shangazi, usije huku. Kuna panya."

"Panya? Mimi nimelala na panya kwenye chumba cha vitambaa miaka na miaka. Pisha."

"Ni mkubwa sana, shangazi!"

Shangazi alimsogeza kwa mkono mmoja, akainama. Akavuta. Sufuria zote tatu zikaporomoka sakafuni kwa kishindo.

"Kuna nini huko?" mama alipaza sauti.

Shangazi alizitazama sufuria, akamtazama Chiriku, kisha akaziokota moja moja na kwenda nazo chumbani. Chiriku alifuata akiwa ameinamisha kichwa, machozi yakimdondoka kwenye sare ambayo hata hakuwa ameivua. Alijua leo ni leo.

Lakini mama hakufoka. Aliichukua sufuria ya kwanza, akaipakata. "Hii ilikuwaje?"

"Iliungua."

"Naona imeungua, macho ninayo. Nauliza ilikuwaje. Nieleze tangu ulipowasha jiko."

Chiriku akaeleza kwa shida: maji kidogo, mkaa mwekundu, karatasi za igizo mlangoni, kisha maji mengine na kukoroga.

"Haya. Na siku ya pili, moto ulikuwaje?"

Ndiyo kwanza alikuwa analifikiria hilo. "Mkali vilevile."

"Na siku ya tatu?"

"Vilevile, mama."

Mama aliweka sufuria zote tatu mbele yake. "Ungeniletea hii ya kwanza, tungejua kosa ni moto, na hizi mbili zisingeungua. Sikasiriki kwa kuungua wali. Nani hajawahi kuunguza? Kinachoniuma ni kwamba umekosea mara tatu kosa lilelile, kwa sababu uliogopa kulitazama. Na umeniongopea mwanangu, nami nimelala hapa siwezi hata kusimama kujionea."

Maneno hayo ya mwisho yalimchoma kuliko fimbo. "Nisamehe, mama. Sitakuficha tena."

"Nimekusamehe. Sasa kasugue."

Alisugua kwa majivu na waya mpaka vidole vikachubuka. Kisha shangazi akambeba mama, akamkalisha kwenye kiti karibu na mlango wa jikoni, mguu juu ya stuli. Shangazi naye aliambiwa asiguse kitu. Chiriku alipunguza mkaa mwenyewe, akapima maji, akafunika. Akasimama palepale. Kila baada ya muda alifunua, akaonja, akamweleza mama alichokionja. Wali ukaiva mweupe. Maharage nayo yakaiva. Wote wakakaa kula, na tonge la kwanza likamfanya Chiriku akunje uso. Alitamani kusema kwamba chakula kiko sawa. Mdomo ulishafunguka.

"Chumvi imezidi," alisema.

"Kesho utafanyaje?" mama aliuliza.

"Nitatia nusu, nionje, ndipo niongeze."

"Basi leo tutakunywa maji mengi," alisema shangazi, na mama akacheka kwa mara ya kwanza tangu alipoanguka.

Asubuhi yake Chiriku alienda moja kwa moja hadi dawati la nyuma. "Twiga, ulisema kweli. Mgonjwa akifa mwanzoni, igizo linaharibika. Na sikupaswa kukujibu vile."

Twiga aliinua macho. "Sema tena, sijasikia vizuri."

"Usinichokoze!"

Twiga akatabasamu, akasogea kumpisha akae.

Siku hiyo, mbele ya mwalimu, Chiriku aliwaomba wenzake jambo ambalo hawakulitegemea. Igizo lisomwe lote, na yeyote atakayepotea njiani anyooshe mkono. Alidhani atahesabu mikono michache. Ikanyooshwa kila mahali. Wengine walinyoosha yote miwili. Chiriku aliuma mdomo asijitetee, akawa anatia alama tu. Mwishowe alimfuta pacha. Pacha alipoondoka, shangazi wa kwenye igizo akaondoka naye, kwa kuwa hakuwa na kazi tena. Dereva alibaki, akapewa kazi ya kumleta mgonjwa hospitalini. Wimbo wa pacha ndio uliomuuma, maana aliupenda kuliko kitu chochote alichowahi kuandika. Aliusoma mara ya mwisho, akaukata. Mgonjwa hakufa tena. Alizimia tu kila alipoona sindano. Mwisho wa igizo bado ulipwaya, wakaujaribu namna mbili zaidi siku zilizofuata hadi ukakaa.

Ijumaa ukumbi ulijaa. Mama alikuja akitembelea magongo, shangazi akimshika kiuno. Twiga alipozimia mara ya kwanza, urefu wake wote ukaanguka jukwaani kama mlingoti, na wazazi wakacheka mpaka wengine wakafuta machozi. Kimya kilikuja pale dereva alipotoa mzaha kuhusu tairi. Hakuna aliyecheka, isipokuwa mtu mmoja aliyekohoa. Nyuma ya pazia Chiriku aliutia alama mstari huo, igizo likaendelea, na mwishoni watu wote wakasimama kupiga makofi.

Wazazi walipoanza kutoka, mwalimu aliwakusanya wanafunzi wake jukwaani.

"Wiki iliyopita igizo hili lilikuwa bovu, na mwandishi wake alikuwa haambiliki," alisema, na Chiriku akaangalia viatu vyake. "Leo mmeshangiliwa. Hakuna muujiza uliotokea hapa katikati. Mlikubali kuyatazama makosa yenu mchana kweupe, mkayarekebisha moja baada ya jingine. Msisahau hilo. Kosa likifichwa linabaki palepale, nawe unabaki nalo. Ukilitoa nje ukalichunguza, linakufundisha kazi."

Chiriku alinyoosha mkono. "Mwalimu, ule mzaha wa tairi haukumchekesha mtu."

"Nilisikia."

"Jumatatu tunawaonyesha darasa la tano. Naomba niuandike upya."

"Mimi niliupenda," alilalamika mwanafunzi aliyeigiza dereva.

"Njoo basi tuuandike pamoja," Chiriku alimwambia, akakaa chini palepale jukwaani, akachomoa kalamu mfukoni. "Haya, nisomee polepole. Nionyeshe tulipokosea."